Uzi wa Kiuno cha Mfalme

São Paulo, 6 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Barua hii nimeianza mara nyingi. Ya kwanza Caíque aliitapikia. Ya pili Maitê alichora paka mbele na nyuma. Ya tatu nililala juu yake, nikaamka na wino shavuni. Hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji ambako watoto hawafiki, na Caíque nimembeba begani ananitafuna kola ya blauzi. Mwandiko ukipinda, ujue ni yeye.

Utasema, si ungepiga simu? Nimepiga, Baba. Kwenye simu wewe unacheka. Nikikuuliza kitu unacheka, unamwita Maitê umwimbie, na swali langu linapotelea humo humo kwenye wimbo. Karatasi haiimbi. Kwa hiyo nimempa Ademar wa basi akuletee mkononi, na nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka aone umeifungua.

Nina mambo mawili. La kwanza ni uzi. Sikukuu ya Mtakatifu Ana imepita na sijauona. Tangu enzi za Mama, siku hiyo unazungusha uzi kwenye kiuno, unaukata unapokutana, unautuma kwa fundi akushonee nguo ya Kanivali. Zamani fundi alikuwa Mama, chumba cha pili tu. Sasa fundi ni mimi, siku mbili kwa basi. Mfalme Momo, mfalme wa Kanivali wa Barra do Fumal, hajawahi kuchelewesha uzi wake. Mbona mwaka huu?

La pili. Shangazi Dinalva ameniambia ulikwenda zahanati mara kadhaa mwezi wa sita, halafu wakakupeleka hospitali kubwa mjini Salvador, ukarudi unakaa upande upande. Alipokuuliza ukamwambia ni mbu. Baba, mbu gani huyo anayeuma watu mahali hapo?

Nijibu kama mtu mzima.

Binti yako,
Jucilene


Barra do Fumal, 15 Agosti

Juci, roho yangu,

Barua yako imefika inanuka maziwa. Nimeinusa kwanza, ndipo nikaisoma. Ademar alisimama mlangoni kama askari, nikamwambia, "Kaa basi unywe kahawa," akasema, "Nimekatazwa." Umekuwa mkali, wewe.

Uzi huu hapa. Kiuno kimeongezeka vidole viwili kupita mwaka jana, kwa hiyo usibane mishono.

Sasa mbu. Nilikuwa naamka kwenda kukojoa kila mara kama bomba bovu. Dinalva akanisukuma mpaka zahanati. Pale kuna daktari mpya, anaitwa Lívia, msichana mwembamba kama mpini wa ufagio. Akanitoa damu, kisha akavaa glovu, akasema lazima anipime kwa kidole. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni Mfalme. Jumba langu halina mlango wa nyuma." Akasema, "Mfalme, kila nyumba ina mlango wa nyuma. Geuka." Nikageuka, mwanangu. Ningefanyaje?

Huko Salvador wakanichoma sindano, ndiyo hiyo iliyonikalisha upande. Wakaona kuna kansa kidogo kwenye tezi dume. Ni ile ya usingizi, isiyokua haraka, wamesema, kwa hiyo hawatakata sasa, wataiangalia tu, na baada ya Kanivali wapime tena. Basi. Hiyo ndiyo habari yote.

Lívia alinishika kitambi kwa mikono miwili, kama mtu anayechagua boga sokoni, akasema hiki nacho kipungue, tena kuanzia leo, maana mafuta haya na ile kansa ni marafiki. Nikamwambia nitapunguza baada ya Kanivali. Wewe unajua mambo ya kwetu. Tangu sikukuu ya Mtakatifu Yohane kila nyumba ina siku yake ya kumlisha Mfalme, na Alhamisi kabla ya Kanivali napanda mizani ya ghala la tumbaku mbele ya watu wote. Mfalme akipanda mwepesi kuliko mwaka uliopita, taji linampita. Wanasema hata tumbaku itanyauka shambani. Mfalme mwembamba ni mwanamume tu aliyevaa kofia ya ajabu.

Usimwambie Dinalva. Usimwambie mtu yeyote. Hapa ukipungua kilo mbili watu wanaanza kupiga pasi nguo za msibani.

Mbusu Maitê. Mwambie Caíque kola ya mama si chakula.

Baba yako,
Genivaldo, Mfalme Vavá


São Paulo, 1 Septemba

Baba,

Neno "kansa" umelitia katikati ya mizaha kama mtu anayeficha kidonge ndani ya ndizi. Nimekimeza kidonge chenyewe. Kimenikwama mpaka leo.

Jana nilimpeleka Caíque chanjo. Nilipomaliza sikuondoka. Nilikaa pale na watoto wote wawili, Maitê analia njaa, mpaka daktari wa zamu akaona bora anisikilize nimpishe. Ni mzee, mpole, ana kitambi chake pia. Nikamwambia habari zako. Nakuandikia alivyonieleza, kwa sababu najua daktari wako hukumsikiliza, ulikuwa unatafuta la kumchekesha.

Alisema hivi. Mafuta peke yake hayawezi kusemwa ndiyo yaliyoleta kansa hiyo, wembamba nao wanaipata, na sisi weusi tunaipata zaidi. Ila mwanaume mwenye kitambi kikubwa akiipata, mara nyingi zaidi inakuwa ile kali, na ile ya usingizi inaelekea kuamka mapema. Mafuta ya tumboni hayakai tu kama mto wa kulalia. Yanafanya kazi usiku na mchana, yanamwaga vitu kwenye damu, na vitu hivyo vinaweza kuilisha kansa. Kupunguza siyo dawa, alisema, wala hawezi kuniahidi kitu, lakini kunamsaidia mgonjwa na kunamsaidia daktari.

Halafu akasema jambo lililoninyima raha. Mtu mkubwa ana damu nyingi. Ile alama wanayoitafuta kwenye damu inayeyuka humo kama kijiko cha sukari kwenye sufuria ya harusi. Ukionja, utasema haina sukari. Kwa hiyo hiyo kansa yako "kidogo," Baba, ni kidogo kwenye sufuria gani?

Sasa nisikilize. Uzi wako nimeutandaza juu ya meza ya kukatia. Nimepima shubiri moja kutoka mwisho, nimefunga fundo. Ninaurudisha kwako ndani ya bahasha hii uuone. Kipimo nimeshachukua. Nguo ya Mfalme mwaka huu nitaikata hadi kwenye fundo, haitazidi hapo. Satini nimeshanunua, ya njano, ile inayong'aa uliyoitaka. Usipopungua, utaingia Kanivali na chupi, na mji mzima utajua ni binti yako aliyekuvua.

Usiseme nimekukosea adabu. Mama sina. Caíque hajawahi kubebwa na wewe. Kicheko chako anakijua kwa kupitia kwenye simu tu, anakitafuta nyuma ya simu kama kuna mtu amejificha. Mimi nataka aje akupande tumboni, hata likiwa dogo.

Jucilene


Barra do Fumal, 20 Septemba

Juci,

Jeuri hiyo ni ya Iraci mama yako, tupu. Nimeona fundo nikasikia sauti yake: "Vavá, acha hiyo ngozi ya nguruwe." Nimeuzungusha uzi kiunoni. Kati ya fundo na ncha ya pili panapita mtoto mdogo.

Nitajaribu. Sijaahidi, nimesema nitajaribu.

Lakini hujui ninachoombwa hapa. Jumatatu ni kwa mwokaji Valdomiro, mikate na siagi mpaka kwenye viwiko. Jumatano ni kwa mjane wa fundi seremala, bajia za kunde zinazoogelea kwenye mawese. Na Alhamisi ni kwa Quitéria, maharage meusi na nyama ya chumvi. Mama yako alipofariki, Quitéria ndiye aliyeleta sahani ya kwanza. Mimi siku ile sikuweza kusema neno lolote, lakini niliweza kula. Nikala, watu wakaona nimekula, wakapumua. Kuanzia hapo wakawa wanaleta. Sikunenepa kwa ulafi, mwanangu, ingawa ulafi ninao. Hawa watu walinizika humu ndani ya chakula ili nisimfuate Iraci. Sasa Alhamisi nimwambie nini Quitéria? "Chukua sahani yako, inaniua?" Atakufa yeye kabla yangu.

Nimeanza kutembea. Alfajiri naenda njia ya reli ya zamani, mpaka daraja lililovunjika na kurudi. Najipulizia manukato ili wakiniona wadhani nina mwanamke huko. Bora wadhani hivyo.

Usishone bado. Au shona polepole.

Baba yako


Barra do Fumal, 10 Desemba

Jucilene mpwa wangu,

Umeniomba nimchunguze kaka yangu anakulaje, bila kuniambia sababu. Sawa. Mimi si mjinga, hakuna mbu anayemkalisha mtu upande upande wiki nzima. Lakini nimenyamaza, nimechunguza.

Anakula, mwanangu. Anakula kama zamani. Alhamisi nilikwenda kwa Quitéria kwa kisingizio cha kuazima chungu. Walikuwa wamemwekea meza yake uani, chini ya kamba za nguo, maana siku hizi anasema anataka kula peke yake, Mfalme ana mawazo. Sahani ilirudi jikoni inang'aa, haihitaji hata maji. Quitéria aliibusu ile sahani. "Ona, Dinalva," ananiambia, "hajaacha hata punje." Kwa Valdomiro hivyo hivyo, kwa mjane hivyo hivyo.

Na kitambi kipo palepale. Kimekuwa hata cha ajabu, nilimgusa kwa kiwiko kanisani kikafanya "puf." Nikasema labda ni gesi. Uso ndio umesinyaa kidogo, lakini ni uzee.

Tena ana mwanamke. Anatoka alfajiri ananuka manukato kama kinyozi, anaelekea njia ya reli, anarudi anatoka jasho na anaimba. Kwa umri ule!

Mengine ni salama. Mvua imechelewa. Barão, yule mbwa wa Quitéria, amenenepa mpaka hawezi kupanda ngazi ya jikoni. Wakadhani ana mimba, wakakumbuka ni dume. Wamempa dawa ya minyoo lakini wapi.

Watoto wabusu.

Shangazi Dinalva


São Paulo, 18 Desemba

Baba,

Sahani zinarudi zinang'aa. Nimeambiwa.

Mimi nilikuwa naringa kwa wenzangu kiwandani, nawaambia baba yangu anatembea mpaka daraja lililovunjika. Kumbe unatembea kwenda kwa mwanamke, halafu unarudi kwenye maharage. Mwanamke sina neno naye. Mama angekutafutia mwenyewe kama angeweza. Maharage ndiyo siwezi kukusamehe.

Satini iko juu ya meza, haijakatwa. Nimezima cherehani. Baba, mimi nimechoka. Nashona mikono ya mashati ya watu kutwa nzima, narudi nyumbani kuna matapishi na nepi, na bado nilikuwa natafuta nusu saa ya kukutengenezea kola yenye shanga. Sina nguvu ya kushona sanda ya njano.

Kama hutaki kuniambia kweli, usiandike.

Jucilene


Barra do Fumal, 4 Januari

Shona hadi kwenye fundo.

Baba yako


São Paulo, 27 Januari

Baba,

Nimeshona. Hadi kwenye fundo. Hakuna akiba ndani ya mshono, hata uzi mmoja, kwa hiyo usimpe fundi mwingine akaifumue akidhani ataipanua. Ademar anayo kwenye mfuko mweusi.

Sijui kwa nini nimekusikiliza. Labda kwa sababu mara hii hukufanya mzaha.

J.


Barra do Fumal, 16 Februari

Jucilene,

Kaa chini. Watoto wape kitu cha kutafuna. Hii ni ndefu.

Alhamisi ile ghala la tumbaku lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya marobota. Tarumbeta, ngoma, watoto wamejipaka unga. Baba yako akaingia na nguo ya mwaka jana, ile nyekundu, duara kama siku zote, anapunga mkono. Valdomiro mwokaji alikuwa pembeni amejisafisha, maana yeye ndiye wa pili kwa uzito na kila mwaka anajitayarisha kwa lolote. Vavá akapanda mizani. Sindano ikakimbia mpaka pale pale pa mwaka jana, ikapita kidogo. Watu wakapiga kelele, taji likainuliwa.

Akasema, "Ngojeni."

Akafungua vifungo. Akatoa mto. Mto wangu, Jucilene, wa kitanda changu, niliutafuta tangu mwezi wa kumi na moja! Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo. Akafungua shati, akavua mfuko wa unga aliokuwa ameufunga kiunoni kwa kamba, akauweka chini, ukatoa mchanga. Na mwingine. Sindano ikawa inarudi, inarudi. Kicheko kikapungua nayo. Mwishoni pale juu ya mizani akabaki kaka yangu niliyecheza naye mtoni, na mifupa ya mabega, na ngozi inaning'inia kama shuka kwenye kamba.

Mtu akapiga ukunga, "Vavá anakufa!" Mjane akaanza sala. Quitéria akashika kichwa.

Vavá akasema, "Nyamazeni. Sifi. Nimepungua kwa sababu sitaki kufa. Nina kansa ya tezi dume, na daktari amesema mafuta yanailisha. Mngeniona mwembamba mngenizika kabla ya Kanivali, ndiyo maana nilivaa mto wa Dinalva."

Neno hilo, mwanangu, hakuna mwanaume aliyewahi kulitamka kwa sauti katika mji huu. Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Vavá akaendelea, "Nani hapa daktari alishampima kwa kidole? Anyooshe mkono." Hakuna mkono ulioinuka. "Basi nitanyoosha mwenyewe." Akanyoosha. "Mnaniona? Sauti haijabadilika, ndevu hazijaanguka. Nilitoka pale na njaa tu."

Hapo Zé Raimundo wa ghala akacheka, mwingine akacheka. Vavá akachukua mfuko mweusi, akaenda nyuma ya marobota, akarudi na nguo yako ya njano. Jucilene, ilimkaa kama ganda kwenye ndizi. Nililia mbele za watu, mimi.

Halafu Quitéria akasogea mbele, mikono kiunoni. "Vavá," akasema, "maharage yangu ya kila Alhamisi, alikuwa anakula nani?"

Na wakati huohuo, kwa kusikia sauti ya bibi yake, Barão akaingia ghalani anajivuta, tumbo linafagia sakafu, akaenda moja kwa moja akaketi miguuni pa baba yako akamtazama mdomo.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Quitéria alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga wa Vavá, kisha akalia, kisha akamtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia, kisha akasema, "Mpumbavu wewe! Ungeniambia tu ningekupikia mchicha."

Taji halikubaki kwake. Desturi ni desturi, mizani ilisema. Alimvisha Valdomiro kwa mikono yake, akamnong'oneza kitu sikioni. Siku zote za Kanivali alitembea mbele ya Mfalme mpya, amevaa njano, ameshika ufunguo wa mji. Jumatano ya Majivu napita zahanati nakuta wanaume wamekaa kwenye benchi, hawatazamani, kama wezi wa kuku. Valdomiro ni wa kwanza kwenye foleni.

Mimi nilikuandikia vibaya mwezi wa kumi na mbili. Niliona sahani, sikutazama chini ya meza. Na mwanamke hakuna, ni reli tu.

Shangazi yako,
Dinalva

Mto wangu bado hajanirudishia.


Barra do Fumal, 20 Machi

Juci, roho yangu,

Usilie kabla ya kufika mwisho wa ukurasa.

Nimepimwa tena. Alama kwenye damu imepanda. Nilimwambia Lívia, "Binti, nimekula majani miezi sita, nimekosana na Quitéria, nimepoteza taji, na imepanda?" Akaniwekea mkono begani. Akasema siyo kupungua kulikoiamsha. Huenda ilikuwepo tangu mwanzo, na mwili mkubwa ulikuwa umeificha. Ni yale yale ya sufuria yako ya harusi. Wakanirudisha Salvador, sindano tena, na kweli wameona siyo ya usingizi. Ila wanaamini haijatoka nje ya tezi yenyewe. Wamenipa tarehe ya kupasuliwa, ishirini na nne ya mwezi ujao.

Daktari wa kisu ni mwanaume mkimya. Alinibonyeza tumbo akasema, "Picha ya mwaka jana niliiona. Kwa tumbo lile ningepata shida kuona ninachokata. Sasa nitaona." Nikafikiria fundo lako. Wewe ndiye uliyenifungulia pazia, mwanangu. Usije ukawaza kinyume.

Quitéria ananipikia maboga na samaki, anakaa mezani mpaka nimalize, na Barão amefungwa kamba.

Nakuandikia jambo moja ambalo sitalisema kwenye simu. Naogopa. Nimelitafutia utani, sijaupata.

Baba yako


São Paulo, 2 Aprili

Baba yangu,

Nilifika mwisho wa ukurasa. Ndipo nikalia, kama ulivyoniagiza. Maitê akaniletea sufuria akidhani nataka kutapika.

Ogopa tu, Baba. Ogopa huku unaingia. Mimi niliogopa hivyo hivyo nilipokwenda kumzaa Caíque, nilimshika nesi mkono mpaka pete yake ikapinda, na mtoto akatoka. Shika mkono wa mtu. Shika wa Shangazi, umemwibia mto, atakuwa na hasira za kukutosha.

Siwezi kuja tarehe hiyo. Nimehesabu kila namna, sipati. Caíque bado ananyonya na kifua chake hakijapona, na kiwandani nikiondoka sasa sirudi. Nitakuja sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na watoto wote wawili, na mume wangu Edmilson akipata likizo. Kila nyumba itakuwa na zamu, lakini ya kuja kukaa na wewe, siyo ya kukulisha. Nimeshamwandikia Quitéria, amekubali.

Nilikukasirikia kwa sahani ambazo hukula. Nimeisoma tena barua yangu ile ya Desemba, nikatamani Ademar angeangusha mfuko mtoni. Wewe ulikuwa unashinda njaa na mto tumboni kwenye joto lile, na mimi nakuandikia habari za sanda. Ungeweza kuniambia. Lakini najua, ulitaka nione kwa nguo.

Na mimi nilikudanganya. Ile nguo ina akiba. Vidole vinne, upande wa ndani, kila mshono. Nilishona hadi kwenye fundo kama nilivyosema, nikashika mkasi niikate akiba, nikaiacha. Sikuweza kukuacha uchi mbele za watu hata kama ungenenepa. Sasa umejua, usimwambie mtu.

Ninayoyahitaji bado, mpe Ademar:

Chupa moja ya mawese, ndogo. Ifunge kwa nta, ya mwisho ilivuja kwenye soksi za abiria.

Kamba wa moshi, kiasi cha konzi mbili.

Unga wa muhogo wa kwa mjane, siyo wa dukani.

Nguo yako nyekundu ya mwaka jana. Inatoa gauni la Maitê, suruali ya Caíque na pazia la jikoni.

Picha ya Barão.

Mto wa Shangazi, kama amekataa kuupokea. Caíque anajifunza kukaa, anaangukia nyuma.

Uzi mpya. Siyo sasa. Utauzungusha kiunoni mwenyewe na kuukata kwa mkono wako mwenyewe, siku utakayotoka hospitali.